Wapagazi wa Ukambani waliokufa katika vita vya wenyewe wakubwa

VYONDO vinavyosukwa na akina mama wa Kitui na Makueni vimeuzwa kwa miaka mingi katika soko la Kariokor, Nairobi. Si wanunuzi wengi wanaojua kwamba jina la soko hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichoundwa na Waingereza mwaka 1914 kubebea jeshi lao mizigo katika vita dhidi ya Wajerumani. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili iyo hiyo.

Vita hivyo vilizuka Ulaya, lakini Ukambani ilikuwa jirani na uwanja wa mapambano. Wajerumani waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914. Mwaka uliofuata vikosi vyao vidogo vilikuwa vikivuka nyika kuja kuilipua reli ya Mombasa, ile inayopita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Wakati huo Makueni haikuwa wilaya. Milima ya Mbooni na Kilungu ilihesabiwa chini ya Machakos.

Kubeba mizigo hakukuwa jambo geni kwa Wakamba. Katika karne ya 19 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Mombasa, na Kivoi wa Kitui alisifika hadi pwani kwa biashara hiyo. Lakini msafiri wa Kivoi alikwenda kwa hiari na kurudi na bidhaa. Sheria ya mwaka 1915 iliiruhusu serikali kuwachukua wanaume kwa nguvu, na machifu wakaamriwa kutoa idadi waliyotakiwa. Ujira nao ulipunguzwa hadi takriban rupia 5 kwa mwezi, kiasi kidogo mno kuliko mshahara wa askari.

Kwa nini walihitajika watu wengi hivyo? Mbung'o waliua farasi, nyumbu na maksai wa jeshi, na malori yalikwama matopeni. Mpagazi alibeba kama kilo 25, naye alihitaji karibu kilo moja ya chakula kila siku. Hivyo, kadiri jeshi lilivyowafukuza Wajerumani kuelekea kusini, ndivyo walivyohitajika wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi wenzao.

Mwaka 1917, mapigano yalipokuwa yamefika ng'ambo ya Mto Rufiji, John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu kote nchini. Ukambani aliifahamu vyema, kwa kuwa alikuwa ameanza utawala wake Machakos katika miaka ya 1890. Makumi ya maelfu walichukuliwa katika miezi michache.

Risasi hazikuwaua wengi. Waliozoea mtama, kunde na mbaazi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika nusunusu kwa kukosa kuni na wakati. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliwamaliza. Kumbukumbu za Waingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wengi hutaja takriban 95,000 kwa upande wa Uingereza pekee.

Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Waliorudi nyumbani walikuta homa kali ya mafua na njaa. Wengine hawakurudi, na ujira wao ambao haukuwa na wa kuupokea ukabaki serikalini. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi hicho, alikuwa miongoni mwa maafisa waliotaka fedha hizo ziwafaidi Waafrika, lakini Hazina ya London ilikataa.

Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika 350,000. Wanajeshi wa Kizungu waliozikwa Taveta na Voi wana mawe yenye majina yao.