Gari likivuma, usiongeze sauti ya redio!

Wiki hii naomba niongee na wenye magari, na pia na sisi tunaopanda kwa nauli, maana ajali haiulizi nani mwenye kadi ya gari.

Kuna mchezo mmoja wa madereva wa hapa Dar nimeuona mara nyingi. Gari likianza kuvuma, vuuuuu, mtu hahangaiki kujua kinachovuma, anaongeza sauti ya redio. Mvumo ukipanda, redio nayo inapanda. Kha! Tangu lini redio ikatibu gari?

Mvumo wenyewe unafahamika. Ukiwa kwenye foleni husikii kitu. Ukifika spidi 40 au 50 unaanza kama nyuki walio mbali. Ukifika 80 umekuwa kama lori linakufuata nyuma, ila ukitazama kioo hakuna lori. Ukikanyaga zaidi unausikia mpaka kwenye nyayo. Hapo mtuhumiwa wa kwanza kumwangalia ni beringi ya gurudumu.

KIDUDE KIDOGO, KAZI KUBWA

Mimi si fundi, nimeishia kidato cha nne. Lakini nikikosa cha kuandika huwa nashinda gereji ya chini ya mwembe mtaani kwetu, na masikio ninayo.

Beringi ni ringi mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Katikati yake kuna gololi au vyuma vya mviringo vinavyobingirika ndani ya grisi. Kazi yake ni kubeba uzito wa gari huku ikiliacha gurudumu lizunguke kwa ulaini. Zile zenye vyuma vilivyochongoka kidogo upande mmoja kama koni, ambazo bado zipo kwenye malori na pikapu nyingi, zina umri mkubwa: Henry Timken na Reginald Heinzelman walipewa hati ya uvumbuzi wake Marekani mwaka 1898.

Sasa piga hesabu. Gari dogo la kilo 1,000 linaweka kama kilo 250 kwenye kila gurudumu. Tairi la gari hilo linazunguka zaidi ya mara 500 kwa kila kilomita moja. Ukitoka Dar kwenda Morogoro, karibu kilomita 190, beringi imezunguka kama mara laki moja, na mzigo mgongoni!

Kinachoiua mara nyingi ni maji na mchanga. Beringi ina sili ya kuzuia uchafu. Sili ikichoka, au ukizoea kuogelea na gari kwenye maji (wanaokumbuka Jangwani ilivyokuwa ikifurika wakati wa masika wananielewa), maji yanaingia, grisi inaharibika, kutu inaanza. Mashimo ya barabarani nayo yanagonga gololi kwenye njia yake mpaka inapata vidonda. Gololi ikipita juu ya vidonda hivyo mara mamia kwa dakika, ndiyo huo mvumo. Ukijaza abiria na magunia kupita kiasi, unaharakisha mazishi.

CHEREHANI YA DADA ILITAKA KUUZWA

Shemeji yangu, mume wa dada, anaendesha teksi ya mtandao. Gari hilo ndilo shamba lao. Kodi ya nyumba, ada za watoto, yote yanatoka humo. Masika ilipoisha, gari likaanza kuvuma.

Fundi wa kwanza hakupanda hata gari. "Tairi hizo, bosi," akasema. Shemeji akanunua mbili mpya. Mvumo uko palepale. Fundi wa pili akalisikiliza gari likiwa limesimama, eti gia boksi imekwisha! Bei aliyoitaja ilimfanya dada aanze kuiangalia cherehani yake kwa jicho la kuuza.

Nikamwambia shemeji twende kwanza kwa mzee mmoja jirani yetu, fundi wa zamani ambaye siku hizi anashinda barazani. Tukampa shikamoo, tukamweleza. Mzee hakufungua boneti. "Mwanangu, washa twende," akamwambia shemeji.

Tukafika kwenye barabara nyeupe, haina magari. Mzee akamwambia aende spidi 60, halafu apeleke usukani kushoto kidogo, kisha kulia kidogo, taratibu, kama mtu anayekwepa dimbwi. Kushoto, mvumo ukapanda. Kulia, ukapungua kabisa. Akarudia mara tatu, ikawa vilevile.

"Beringi ya kulia," mzee akasema. "Mbele au nyuma, jeki itatuambia."

Jeki ikasema mbele. Gurudumu la mbele kulia lilipozungushwa kwa mkono lilikwaruza kama linasaga mchanga. Beringi na ufundi wake havikufika hata bei ya tairi moja kati ya zile mbili. Cherehani ya dada ipo, inashona mpaka leo.

SIRI YA KUSHOTO NA KULIA

Mzee alitueleza hivi. Gari likikata kushoto, mwili wake unalalia kulia. Ni kama abiria wa daladala kwenye kona, wote mnamwagikia upande mmoja. Kwa hiyo beringi za kulia zinabeba zaidi, na kama kuna mgonjwa huko atalia. Ukikata kulia, zinalemewa za kushoto. Kwa kifupi: mvumo ukipanda unapokata kushoto, shuku kulia; ukipanda unapokata kulia, shuku kushoto. Hiyo ni dalili nzuri lakini si hukumu, kwani baadhi ya beringi zina ukaidi wake. Hukumu inatoka kwenye jeki.

JIPIME MWENYEWE KABLA YA KUTOA HELA

Kwanza, tenganisha injini na magurudumu. Kwenye barabara iliyonyooka na tupu, mvumo ukiwepo, weka gia huru. Usizime gari kabisa, maana usukani na breki vitakuwa vigumu! Mlio wa injini ukishuka lakini mvumo ukabaki na kufuata spidi ya gari, kesi iko upande wa magurudumu. Ukishuka pamoja na injini, tafuta kwenye injini.

Pili, sikiliza barabara. Mvumo wa tairi hubadilika ukitoka lami laini kwenda lami ya kokoto. Wa beringi unabaki ule ule. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukihisi meno kama ya msumeno, tairi nalo lina kesi. Hamisha ya mbele yaende nyuma. Mvumo ukihama nayo, beringi haina kosa.

Tatu, jeki. Simamisha gari pahala tambarare, weka mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini, na usimamishe gari kwenye stendi, si jeki peke yake. Usiingie uvunguni. Shika tairi juu kabisa na chini kabisa, pale kwenye namba 12 na namba 6 za uso wa saa, kisha litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, beringi imelegea. Ukibaki, angalia boli jointi na jamaa zake. Likicheza ukishika kushoto na kulia tu, mara nyingi ni tairodi.

Halafu liko gia huru, lizungushe taratibu huku mkono mwingine umegusa springi kwa nje. Beringi mbovu utaisikia ikikwaruza mpaka kwenye springi. Na jua hili: beringi inaweza kuvuma bila kucheza hata kidogo. Fundi akitikisa tairi mara moja na kusema "nzima hii", mwambie azungushe.

MTETEMO NAO UNA LUGHA YAKE

Usukani ukitetemeka kwenye spidi 80 hadi 100 halafu ukitulia ukizidisha, mara nyingi ni balansi ya tairi. Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, angalia diski. Ukisikia ka-ka-ka-ka unapokata kona kali taratibu, hiyo ni sivi jointi. Beringi inavuma kwanza, na mtetemo wa gurudumu kuyumba unakuja baadaye, hali ikiwa mbaya. Kwa magari yenye breki za ABS, taa yake inaweza kuwaka pia, maana sensa ya gurudumu hukaa jirani na beringi na haipendi mayumbo.

Kwenye kufunga, uwe macho. Beringi za kisasa nyingi zimefungwa moja kwa moja, haziongezwi grisi, ikifa unabadilisha. Ile ya kupachikwa ndani inataka mashine ya kupresi. Ukimwona fundi anaipiga nyundo katikati, msimamishe hapo hapo. Nguvu ya nyundo inapita kwenye gololi na kuzitia vidonda, na wiki mbili baadaye unarudi kwenye redio yako. Nati kubwa ya katikati ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, si kwa nguvu za ugali. Zile za koni za zamani ndizo zinazooshwa, kutiwa grisi mpya na kurekebishwa kaza-legeza.

MWISHO WAKE SI MVUMO

Wapo watakaosema, "Mbona jamaa anatembea nayo miezi mitatu?" Sawa, anatembea. Lakini beringi ikichoka zaidi inapata moto, inalegea, gurudumu linayumba, diski inasukuma pedi nyuma, na breki inashuka chini kabla ya kukamata. Mwisho kabisa inakwama au inakatika, na gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa kwenye spidi. Hapo ndani kuna mama na mtoto mgongoni, hajui beringi ni nini, yeye kalipa nauli yake tu.

Kwa hiyo abiria mwenzangu, ukisikia daladala linavuma kama ndege inataka kuruka, muulize konda, "Kaka, beringi hiyo mmeiangalia lini?" Atakucheka. Mwache acheke, keshasikia. Na wewe bosi mwenye gari, zima redio dakika tano tu kila Jumamosi, ulisikilize gari lako linasema nini.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.