Timbo Lililoachwa Karibu na Nyumba

 

Leo nakuuliza: mtoto wako akitoka shule huchezea wapi? Kwa wengi wetu hapa Kwale, kuanzia Waa na Tiwi hadi Msambweni, jibu ni timboni. Mawe ya kujengea yalikatwa, malori yakaondoka, shimo likabaki. Mvua ya masika ikinyesha linajaa maji, na watoto wanaona wamepata mahali pa kuogelea.

Mama, shimo hilo si kama ufuo. Kuta zake zimekatwa wima, mtoto akiteleza hapati pa kukanyaga. Tena mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Hata asipozama, maji yale yana madhara mengine. Mbu hutaga humo, na kwa joto letu yai huwa mbu mzima kwa wiki moja au mbili. Halafu kuna kichocho, ugonjwa unaojulikana sana Msambweni. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, vijidudu huingia kwa konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga. Si lazima mtoto ayanywe maji hayo. Ukiona anakojoa damu, usingoje ipite yenyewe. Mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na ugonjwa ukiachwa huharibu kibofu na figo.

Je, shimo kama hilo laweza kuwa kitu cha faida? Tuvuke feri ya Likoni, twende Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko mwaka 1954 na kikaacha matimbo makubwa ya mawe matupu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikastahimili 3 tu, mmoja wao mvinje, mti usioogopa chumvi wala jua. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakakaa tu bila kuoza. Aliyeleta dawa ni jongoo, huyu huyu unayemfagia nje kila siku! Akaletwa kwa wingi, akala majani, na kinyesi chake kikawa udongo. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa milango. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park, na watoto wa shule huenda kutazama viboko na kobe chini ya vivuli.

Utasema, sisi hatuna kiwanda. Ni kweli. Hata mgodi wetu mkubwa wa Nguluku na Maumba, uliosimama Desemba 2024, una wenyewe na wataalamu wake. Mimi nasemea shimo dogo la kijijini. Muulizeni mwenye shamba, kisha mpelekeeni mzee wa mtaa na chifu jambo hili barazani, akina mama mkiwa pamoja. Ofisi ya NEMA nayo inahusika, kwa maana anayechimba anatakiwa kutengeneza mahali alipochimba.

Jambo moja msikubali: shimo lisijazwe taka. Jiwe letu la pwani lina matundu, na uchafu hupenya hadi kwenye visima tunavyochota. Makopo nayo hushika maji, mbu wakapata nyumba nyingine. Jazeni udongo na vifusi vya mawe, ukuta mmoja uwe mteremko, kisha pandeni mvinje na mwarobaini. Hapo kwanza mtamwagilia na kufukuza mbuzi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Maji yakibaki upande mmoja, tilapia watakula viluwiluwi vya mbu. Lakini hawazuii kichocho, kwa hiyo upande huo uzungushiwe ua.

Miti huchukua miaka, na mvua haingoji. Kwa sasa zibeni njia ya kuingilia timboni kwa matawi ya miiba. Nawe ukienda shamba au sokoni, mwachie mtoto mtu mzima, si dada yake wa miaka minane.

Kwaheri mama, hadi wiki ijayo.