Baki mbali na ndege, picha utaikata nyumbani

Wapiga picha wengi wanaokuja Mida, kule Watamu, hutaka ndege ajaze fremu. Basi husogea hatua kwa hatua mpaka kundi zima linaruka. Mimi huwashauri wabaki mbali, wapige, kisha waikate picha nyumbani.

Hesabu yake ni nyepesi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukibakisha nusu ya upana na nusu ya urefu, unapata 3,000 kwa 2,000, yaani megapikseli 6. Hizo zatosha simu, tovuti na hata karatasi ya A4.

Unapokata, acha nafasi kubwa zaidi upande anaotazama ndege. Mdomo ukigusa ukingo, huonekana kama amegonga ukuta. Usiikate miguu. Wapo waliovishwa pete na watafiti, na rangi za pete husaidia kumtambua kila mmoja. Bakisha pia matope na mikoko kidogo, mtu ajue ndege huyu anaishi wapi.

Nasisitiza umbali kwa sababu baadhi ya ndege hawa hutoka Siberia. Hula zaidi maji yakipwa, na mwezi wa Aprili ukikaribia lazima wanenepe kwa safari ya kurudi. Kila ukiwarusha, wanakosa mlo na kuchoma mafuta waliyojiwekea. Kwa hivyo wakianza kuinua vichwa na kuacha kula, umeshafika karibu mno. Rudi nyuma.