Kijiti Kimoja cha Joe Solomon

Katika kriketi, vijiti vya wiketi ni vitatu, na anayevitazama kwa mbele huviona vyote. Akisogea ubavuni, vinajificha kimoja nyuma ya kingine mpaka kinabaki kijiti kimoja tu, upana wake haufiki sentimita 4. Jioni ya tarehe 14 Desemba 1960, katika uwanja wa Woolloongabba mjini Brisbane, Joe Solomon wa West Indies alikuwa ubavuni. Akauokota mpira, akavuta mkono, akarusha, na kijiti kikapigwa.

Mrusho huo umenikaa kichwani tangu nilipoiona picha ya Ron Lovitt, mpigapicha wa gazeti la The Age. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa. Picha ile imejaa miili iliyoruka na mikono iliyopaa, furaha ya watu waliopoteza akili kwa sekunde moja. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara najikuta nataka kuona kilichotangulia, yaani ule mkono kabla haujaachia mpira.

Wasomaji wa kurasa za michezo tumezoea neno moja, sare. Simba na Yanga wakitoka 1-1 ni sare. Katika kriketi neno hilo linabeba mizigo miwili. Mechi ya Testi ya siku tano ikiishiwa muda kabla ya kuamuliwa, hiyo ni sare, tena ya kawaida sana. Ya Brisbane ilikuwa sare kwa maana ile ya akina mama waliokatiwa vitenge vya harusi kutoka jora moja. West Indies walipata mikimbio 453, kisha 284. Australia wakapata 505, kisha 232. Jumlisha mwenyewe: 737 kwa 737, na mpigaji wa mwisho ametolewa. Tangu Testi zianze mwaka 1877 zilikuwa zimechezwa karibu mechi 500 za Testi bila jambo hilo kutokea hata mara moja. Limerudi mara moja tu, Madras mwaka 1986, kati ya India na Australia.

Msimulizi mkuu wa kisa hiki ni Wes Hall wa Barbados, mrushaji wa mipira ya kasi aliyekuja kuwa waziri na baadaye mchungaji. Anakisimulia kama mzee wa barazani baada ya magharibi, bila kujionea huruma. Ova ya mwisho, yaani zamu ya mwisho ya kurusha mipira, ilikuwa yake. Saa ilibakiza dakika nne kufika kumi na mbili jioni, Australia wakihitaji mikimbio 6 huku wana wiketi tatu mkononi, yaani wakitolewa wapigaji watatu zaidi wamekwisha. Huko wakati ule ova ilikuwa na mipira minane.

Hall anaeleza kwamba nahodha wake, Frank Worrell, alimkataza kurusha mpira wa kudunda na kumpandia mpigaji kifuani. Mpira wa pili akarusha huohuo. Nahodha wa Australia, Richie Benaud, akaupiga vibaya, na Gerry Alexander akaudaka nyuma ya wiketi. Hall akamkimbilia Worrell akitarajia kukumbatiwa, akakuta macho makavu na swali: alikuwa amemwambia nini? Je, kama mpira ule ungeteleza ukavuka mpaka kwa mikimbio minne?

Yaliyofuata Hall anayataja kama mtu anayeungama. Wapigaji walipoiba mkimbio mmoja, yeye mwenyewe alirusha kwenye vijiti na akakosa. Mpira uliofuata ulipaa juu, Rohan Kanhai akiwa chini yake ametulia anausubiri. Hall akaja mbio kutoka kwake, akamrukia mwenzake, mpira ukaanguka chini. Kisha Ian Meckiff wa Australia akaupiga mbali, wakakimbia mara mbili na hesabu zikalingana. Walipojaribu ya tatu, Conrad Hunte akarusha kutoka mpakani mpira ulionyooka kama uzi, na mwenzake Meckiff, Wally Grout, akatolewa.

Ikabaki mipira miwili na mpigaji mmoja, Lindsay Kline. Worrell akamwendea Hall na kumwonya kuwa akirusha mpira batili, ambao ungewapa Australia mkimbio wa bure, asahau kurudi Barbados. Hall anasema aliukanyagisha mguu mbali kabisa nyuma ya mstari. Kline akausukuma mpira upande wa mguu na Meckiff akatimka. Solomon akakiona kijiti chake, akakipiga, na Meckiff akatolewa.

Hata hapo wengi hawakuelewa kilichotokea. Meckiff alitoka uwanjani akiamini wameshindwa.

Mrusho wa Solomon haukuwa wa kubahatisha. Dakika chache kabla, mtu huyuhuyu alikuwa amemtoa Alan Davidson kwa mrusho mwingine uliopiga vijiti moja kwa moja. Davidson alikuwa na mikimbio 80 baada ya kuchukua wiketi 11, na yeye na Benaud walikuwa wameitoa Australia kutoka 92 kwa wiketi sita hadi mlangoni mwa ushindi. Mlango huo Solomon aliufunga mara mbili.

Alizaliwa Port Mourant, kijiji cha mashamba ya miwa katika iliyokuwa Guiana ya Waingereza, kulikotoka pia Kanhai na Basil Butcher. Alipoulizwa shabaha ile aliitoa wapi, alirudi utotoni, kwenye gololi na kutungua maembe kwa mawe. Mtoto wa Tanga au Malindi hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwamba embe lililoiva huwa nyuma ya majani, unaliona upande tu, na jiwe likikosa, mwenye shamba anatoka.

Solomon alicheza Testi 27 na kufikisha mikimbio 100 mara moja tu, Delhi, mwaka 1959. Alifariki 2023 akiwa na miaka 93. Nimesoma kurasa nyingi za Hall, za Benaud, za Davidson. Za Solomon ni chache mno. Je, hakupenda kusema, au waandishi walitosheka na embe wakafunga daftari?

Wiki chache baada ya Brisbane, katika Testi ya pili mjini Melbourne, Solomon alikuwa akipiga mpira wa Benaud kofia yake ilipomvuka kichwani na kuangukia wiketi. Benaud akadai. Sheria ni sheria, Solomon akahesabiwa ametoka, na Waaustralia waliojaa majukwaani wakamzomea nahodha wao wenyewe. Ningependa kujua kama, kabla ya kuondoka, aliinama kuiokota kofia na kuvitazama vile vijiti kwa karibu.