Jasho Linaloyeyuka

Mwaka 1997, msanii Francis Alÿs, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Mexico, alisukuma pande la barafu katika barabara za jiji la Mexico kwa zaidi ya saa tisa, hata likayeyuka lote. Safari hiyo ilinaswa kwa video, akaieleza kuwa mara nyingine kutenda hakuzai kitu.

Wapo watakaocheka: hiyo nayo ni sanaa? Kabla ya kucheka, na tumtazame msukuma mkokoteni wa Gikomba. Hurauka alfajiri, akasukuma magunia ya viazi matopeni mchana kutwa. Jioni, ujira wake huyeyukia katika unga, makaa na kodi ya chumba. Kesho huanza upya, mikono mitupu.

Hata hivyo, hapa natofautiana na Alÿs. Barafu yake haikumlisha mtu. Mkokoteni hulisha jiji zima. Kinachoyeyuka si kazi, bali malipo yake na heshima yake. Twampigia honi atupishe, kisha twaenda kula viazi alivyotuletea.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mbona basi sisi twangoja kuonyeshwa na kamera?