Mionzi Inayofuata Picha: Matunzo ya Kansere ya Mlango wa Kizazi



Mama akisikia "utapigwa mionzi" anaogopa, anafikiri atachomwa na moto. Hapana. Mionzi ni kama mwanga usioonekana kwa macho, ndugu ya ule unaopiga radio ya mifupa, lakini wenye nguvu kupita. Inaua kansere. Lakini inaweza kuumiza hata nyama nzima iliyo karibu. Basi lazima ifike pahali penyewe.

Zamani waganga walitafuta pahali pale kwa mikono na kwa radio. Lakini radio inaonyesha mifupa vizuri, kizazi hapana. Kwa hiyo walipiga mionzi mipana, na kibofu na utumbo viliumia. Mwaka 1971, kule London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa skana. Leo skana inaonyesha mwili mzima kipande kwa kipande, kama vile unakata muhogo na kuona palipooza.

Munganga anachora juu ya picha: hapa kansere, hapa kibofu. Masini mpya zinapiga picha tena mbele ya kutoa mionzi, sababu kibofu kikijaa, kizazi kinasogea. Kama kimesogea, wanasogeza kitanda.

Kazi ya mgonjwa ni hii:

1. Kunywa maji kama ulivyoambiwa, ili kibofu kiwe sawa kila siku.
2. Kulala bila kutikisika. Wakati wa kupigwa, haiumi.
3. Kutofuta alama walizochora kwenye ngozi.

Hapa Kabambare masini hizi hatuna. Kigali zilianza kazi mwaka 2019. Dar es Salaam ziko Ocean Road. Safari ni ndefu, feza ni nyingi. Na masini inaweza kufa: mwaka 2016 ile moja ya Uganda iliharibika kabisa, wagonjwa wakangoja.

Kwa hiyo usikawie. Kuja haraka kama unatoka damu nje ya siku zako, ao kisha kulala na bwana, ao kisha kukoma kwa siku za mwezi. Ao kama unatoka maji yenye harufu mbaya. Usifiche kwa haya. Mwuguzi aliyefundishwa anaweza kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuona alama za kwanza. Zikitunzwa wakati ule, mionzi haihitajiwi.

Mungu alitupa mwili, tuuchunge. Mama, mwambie na jirani yako.