Mzazi Haponi kwa Kuambiwa "Subiri"

Mwaka jana nilisafiri kutoka Mombasa kwenda Ongata Rongai kumjulia hali binti wa ndugu yangu, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza wiki saba kabla. Nilichukua halua, tende, nguo za mtoto na dua nilizozoea kuziomba katika nyumba za wazazi. Nilitarajia furaha. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, pazia limefungwa ilhali ni saa nne za mchana, na mtoto analia kando yake bila yeye kunyanyua mkono. Nilipomwuliza hali, alitazama sakafu akasema: "Ami, nikimwangalia mtoto huyu sihisi kitu. Naogopa Mwenyezi Mungu ataniuliza kwa hilo."

Nasimulia kisa hiki kwa idhini yake, na kwa sababu jibu nililompa siku ile lilikuwa pungufu. Nilimsomea Qur'ani. Nikamkumbusha kwamba wako walioomba mtoto miaka mingi wasijaaliwe. Kisha nikamwambia: "Subiri, mwanangu." Akanyamaza. Ni mke wangu, aliyebaki naye chumbani, ndiye aliyemwuliza: "Mara ya mwisho kulala usiku ilikuwa lini, mamangu?" Hapo ndipo binti alipolia.

Kumsomea kulikuwa jambo jema. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nimemaliza.

Maradhi yenye jina

Wataalamu huiita hali hii sonona baada ya kujifungua. Si ile huzuni nyepesi inayowapata wanawake wengi katika siku za mwanzo, mama akalia bila sababu kisha ikapita kabla ya wiki mbili. Sonona hukaa. Mama hukosa raha ya vitu alivyovipenda, hukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, hujiona hafai, na pengine hufikiri kwamba watu wake wangepumzika lau yeye hayupo.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba karibu wanawake 13 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya nafsi, mengi yakiwa ni sonona. Katika nchi zinazoendelea idadi hiyo hukaribia 20 katika kila 100. Hapa kwetu Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwachunguza kina mama 200 waliopeleka watoto kliniki huko Kariobangi, Nairobi, na ukapata kwamba 13 katika kila 100 walikuwa na dalili hizo. Tena kina mama hao walikuwa na uchache zaidi wa kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee. Basi maradhi ya mama hayakai kwa mama peke yake.

Hesabu hiyo ichukue msikitini kwako. Ukiwajua wanawake ishirini waliojifungua mwaka huu, yamkini wawili au zaidi wamelipitia jambo hili, na huenda hakuna hata mmoja aliyekwambia.

Je, ni udhaifu wa imani?

Hili ndilo swali lililomtesa binti yetu, na sisi masheikh tuna dhamana nalo, kwani mara nyingi mama huletwa kwetu kabla ya kupelekwa kwa mganga wa hospitali.

Tumtazame Bibi Maryam, aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu. Qur'ani yatueleza kwamba uchungu wa uzazi ulipompeleka kwenye shina la mtende, peke yake, alitamani lau angekuwa amekufa kabla ya siku ile na kusahauliwa kabisa. Ni nani atakayesema kwamba Maryam alikuwa na imani haba? Na tazama jibu lililomjia. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike. Akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akapewa tende mbivu, akaamrishwa ale, anywe na atulize jicho lake. Na akaondolewa hata mzigo wa kujibizana na watu. Faraja, maji, chakula na mapumziko. Mola wetu alimpa mzazi vitu hivyo, nasi twampa neno moja tu: subiri.

Mamake Nabii Musa naye, baada ya kumtia mwanawe mtoni, moyo wake ulikuwa mtupu hadi Mwenyezi Mungu akauimarisha. Na fikihi yetu ya Kishafi imemwondolea mwenye nifasi swala, na kuitaja nifasi kuwa aghlabu ni siku 40 na upeo wake siku 60. Sheria imekiri kwamba mwanamke huyu si kama alivyokuwa jana. Subira ni ibada, lakini subira haimzuii mgonjwa kutafuta dawa.

Mtoto hukua kwa kujibiwa

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jaribio jepesi kueleweka. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akaombwa akae mbele yake kwa muda mfupi na uso mkavu, asicheke wala asimjibu. Mtoto alianza kwa kumtabasamia mamake, akanyoosha mikono, akapiga kelele kumwita. Alipoona hajibiwi, akageuza uso na kulia. Yalikuwa mambo ya dakika chache tu, na mama alipomrudia, mtoto alitulia.

Mtoto huuliza kwa macho na sauti hata kabla hajajua neno, na kila anapojibiwa ubongo wake hujengeka kwa ajili ya lugha, mapenzi na utulivu. Mama mwenye sonona huuvaa uso ule mkavu bila kupenda, kwa sababu moyo wake hauna nguvu ya kujibu. Simwandikii haya mama ili ajilaumu. Nawaandikia waliomzunguka, kwani mtoto hachagui mjibuji mmoja tu. Baba aweza kumjibu, bibi aweza, shangazi aweza. Na mama akitibiwa, hurudi kujibu mwenyewe.

Arobaini iliyobaki Pwani

Wazee wetu hawakuwa na takwimu, lakini walikuwa na arobaini. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa mkaja, akapikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto akapakatwa na mikono kumi kwa siku. Hakuna aliyemwacha peke yake. Mila ile ilimlinda mwili na nafsi pamoja.

Sasa tazama Rongai. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 170,000 katika mji huo wa Kaunti ya Kajiado, wengi wakiwa wamekuja kutoka kwingine kwa sababu ya kazi za Nairobi. Mume wa binti yetu hutoka kabla ya alfajiri ili auwahi msongamano wa Barabara ya Magadi, na hurudi baada ya isha. Mamake alikuja akakaa siku kumi na mbili, akarudi Mombasa kumwuguza nyanya. Siku zilizobaki, binti alikuwa ghorofa ya nne pamoja na mtoto, na jirani asiyemjua jina. Tulimwoza kwa ngoma na maulidi, tukampeleka mbali, lakini hatukumpelekea arobaini yake.

Kilichofaa kwa Waislamu wenzetu

Mwaka 2008 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Atif Rahman na wenzake kutoka vijiji vya Rawalpindi, Pakistani. Kina mama 903 wenye sonona walitembelewa nyumbani na wanawake wahudumu wa afya wa vijijini, ambao si madaktari. Nusu ya wahudumu walifunzwa kumsikiliza mama, kumsaidia kuyachunguza mawazo yanayomvunja na kuishirikisha familia. Wengine waliwatembelea kwa idadi ileile bila mafunzo hayo. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona katika kundi la kwanza walikuwa 23 katika kila 100. Katika kundi la pili walikuwa 53. Watoto wa kundi la kwanza waliharisha mara chache zaidi, walikamilisha chanjo zaidi, na wazazi wote wawili walicheza nao zaidi. Shirika la Afya Duniani limeufanya mpango huo kuwa mwongozo wa nchi nyingine.

Nasi tuna pa kuanzia. Mwezi Septemba mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaopita majumbani. Chanjo humrudisha mama kliniki mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama aulizwe siku hizo, naye aseme ukweli. Yako maswali kumi mafupi, yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, yanayotumika duniani kote kumtambua mwenye sonona. Muuguzi aliyemwuliza binti yetu maswali ya namna hiyo alikuwa mtu wa kwanza kumwambia kwamba yeye si mama mbaya, ila ni mgonjwa, na kwamba atapona.

Ewe mume, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa katika huduma ya watu wa nyumbani mwake, na aliifupisha swala aliposikia kilio cha mtoto kwa kumhurumia mama. Urudipo usiku, mpokee mtoto, mkeo alale. Enyi wakwe na kina dada, msihesabu ni mara ngapi mzazi amelia. Hesabuni ni saa ngapi amelala. Enyi wanawake wa misikiti ya Rongai, Kitengela na Kajiado, andikeni majina ya wazazi wapya, mgawane siku za kuwapelekea chakula na kuwashikia watoto hadi arobaini ipite. Na mama yeyote akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hilo si jambo la kuficha wala la kungoja Ijumaa.

Binti yetu alitibiwa, na mamake akarudi kwa miezi miwili. Mwezi uliopita alinipigia simu, nikamsikia mtoto akicheka nyuma yake. Aliniambia: "Ami, bado ziko siku nzito. Lakini sasa akiniita, namsikia."

Mwenyezi Mungu awaponye kina mama wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowapelekea maji na tende. Wabillahi tawfiq.